Makaratasi ya Sachsenhausen yalichomwa. Historia yake inaandikwaje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasoma historia, mwaka wa tatu, na ninaandika tasnifu kuhusu Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Ujerumani, mwaka 1944. Msimamizi wangu ameniuliza: kama SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi, walichoma makaratasi ya kambi kabla ya kukimbia, haya tunayoyasema tunayatoa wapi, na kwa nini tuyaamini? Pia idadi ya waliokufa inanichanganya. Huku naona 100,000, kule naona "makumi ya maelfu". Nishike ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako ana haki ya kukubana. Ili umjibu, anza na jambo ambalo wengi hawalifikirii: kambi ya mateso ilikuwa pia ofisi. Ilikuwa na makarani, mihuri, masijala, fomu za nakala mbili tatu, na barua zilizoingia na kutoka kila siku. Sachsenhausen ilijengwa na wafungwa wenyewe kiangazi cha 1936, pembeni mwa mji wa Oranienburg, kaskazini ya Berlin. Kuanzia 1938 ofisi kuu ya kusimamia kambi zote za SS ikahamia hapo hapo Oranienburg, jirani kabisa na kambi. Wakubwa walikuwa mlangoni. Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, lilipokaribia mwaka 1945, kilichochomwa kilikuwa ni sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo: kadi za wafungwa, majalada, hesabu.

Lakini ofisi ikichoma makaratasi yake, imechoma upande mmoja tu wa barua. Aliyeandikiwa bado anayo ya kwake. Hilo ndilo jibu la msimamizi wako kwa ufupi, na sehemu kubwa ya kazi ya wanahistoria wa Sachsenhausen kwa miongo kadhaa imekuwa kuwafuata walioandikiwa.

Chukua vifo. Sheria ya Ujerumani ilitaka kila kifo kiandikishwe kwa msajili, na SS, pamoja na unyama wao wote, waliifuata kwa wafungwa wengi. Kwa hiyo vifo vya kambini vikaingia katika vitabu vya usajili vya Oranienburg, ambavyo havikuwa kwenye kabati la kamanda. Tena miaka ya mwanzo, kabla kambi haijapata tanuri lake, maiti zilipelekwa kuchomwa Berlin. Nyumba ya kuchomea maiti ya Baumschulenweg ilikuwa na daftari lake kama nyumba nyingine yoyote ya aina hiyo, na majivu ya baadhi ya wafungwa hao yalizikwa katika makaburi ya Altglienicke. Karani wa makaburi hakuwa na sababu ya kuchoma kitu. Aliandika jina, tarehe, namba ya chungu cha majivu, akafunga daftari.

Chukua uhamisho. Wafungwa walihamishwa huku na huko kama mizigo, na kila uhamisho ulikwenda na orodha. Aliyetolewa Sachsenhausen akapelekwa Buchenwald au Dachau aliandikwa upya huko, na rejista nyingi za kambi hizo mbili Wamarekani walizikuta zikiwa salama. Viwanda navyo vilikuwa na hesabu zao. Kiwanda cha ndege cha Heinkel karibu na Oranienburg kilitumia maelfu ya wafungwa wa Sachsenhausen, na SS walikidai malipo kwa kila kichwa kwa kila siku ya kazi. Penye malipo hapakosi karatasi.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa wafungwa wa vita wa Kisovieti. Vuli ya 1941 zaidi ya 10,000 kati yao waliletwa Sachsenhausen na kuuawa katika muda wa wiki chache tu, wengi kwa risasi ya shingoni ndani ya chumba kilichofanywa kifanane na chumba cha daktari cha kupimia urefu. Hawakuandikishwa kama wafungwa wa kambi. Hawakupewa namba. Ukitafuta kwenye mabaki ya makaratasi ya kambi utadhani hawakufika. Ila jeshi la Ujerumani lilikuwa limeshamwandikia kila mateka kadi yake alipokamatwa: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, jina la mama, wakati mwingine na picha na alama ya kidole. Alipokabidhiwa kwa polisi wa siri, kadi iliandikwa hivyo, ikafungwa. Kadi hizo zilichukuliwa na Wasovieti, na nyingi ziko katika hifadhi ya jeshi huko Podolsk, karibu na Moscow. Muuaji hakuandika, lakini aliyemkabidhi aliandika.

Kuna pia makaratasi ambayo hayakuchomwa bali yalibebwa. Waliofika kambini tarehe 22 Aprili 1945 walikuwa askari wa Kisovieti na wa Kipoland. Walikuta wagonjwa wapatao 3,000, kwa sababu siku moja kabla SS walikuwa wamewatoa zaidi ya 30,000 na kuwaswaga kwa miguu kuelekea kaskazini magharibi. Nyaraka zilizosalia zikaenda Moscow, zikafungiwa huko hadi Umoja wa Kisovieti ulipovunjika. Ndipo watafiti wakaanza kuona, kwa mfano, sehemu ya taarifa za kila siku za mabadiliko: nani ameingia leo, nani ametoka, nani amekufa. Hata albamu ya picha ya Karl Otto Koch, aliyekuwa kamanda kati ya 1936 na 1937, ilikutwa Moscow katika hifadhi ya idara ya usalama. Ni picha za mtu anayejivunia kambi yake inavyojengwa. Ukizitumia, kumbuka aliyeshika kamera na aliyempangia asimame wapi. Wafungwa katika picha zile ni mandhari tu.

(Wakenya watakuwa wanatikisa kichwa hapa. Majalada ya kikoloni yaliyohusu kambi za kizuizini za miaka ya 1950 nayo mengine yalichomwa na mengine yakasafirishwa kimyakimya hadi Uingereza, na ni mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiendelea London, ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa nayo katika jengo lake la Hanslope Park.)

Kwako wewe uliye mbali, mlango ulio rahisi kuingia ni Arolsen Archives, katika mji mdogo wa Bad Arolsen. Baada ya vita palikuwa ni ofisi ya kuwatafuta waliopotea. Leo kuna nyaraka zinazowahusu watu wapatao milioni 17.5, na sehemu kubwa inasomeka bure mtandaoni. Watafiti waliruhusiwa kuingia mwaka 2007 tu, jambo ambalo mimi bado naliona ni aibu, miaka zaidi ya 60 baada ya vita. Utakapotafuta, usitafute jina moja. Karani wa Kijerumani aliandika alichokisikia. Mtu wako atakuwa Husen, Hussein, Mohamed, Mohammed, Bayume, na jina lake la kuzaliwa, Mahjub bin Adam Mohamed, linaweza kuandikwa kwa namna kadhaa. Tafuta pia kwa tarehe ya kuzaliwa, 22 Februari 1904. Tarehe huharibika mara chache kuliko majina.

Sasa onyo, na hili liandike kwa wino mwekundu. Nakala kusalimika hakuifanyi iseme kweli. Vitabu vya vifo vya kambi vimejaa "udhaifu wa moyo", "homa ya mapafu", "kuhara". Mtu aliyepigwa hadi kufa, aliyegandishwa kwenye uwanja wa gwaride, aliyepigwa risasi "akijaribu kutoroka", wote wanaweza kukutana kwenye ukurasa mmoja wakiwa na moyo dhaifu. Kwa hiyo kutoka kwenye rejista ya kifo chukua jina, chukua tarehe kwa tahadhari, na sababu ya kifo itaje tu kama kitu kilichoandikwa na SS. Usiandike "alikufa kwa homa ya mapafu". Andika "kambi iliandika kwamba alikufa kwa homa ya mapafu". Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo tofauti ya mwanahistoria na karani.

Upande wa pili ni waliyoyaandika wafungwa, na hapa lililo muhimu zaidi ni lini. Baada ya ghasia dhidi ya Wayahudi za Novemba 1938, Wayahudi wapatao 6,000 walifungiwa Sachsenhausen. Wengi waliachiwa baada ya wiki au miezi kwa masharti ya kuhama Ujerumani. Huko Amsterdam ofisi ya Alfred Wiener, Myahudi wa Kijerumani aliyekuwa uhamishoni, ikawa inakusanya simulizi za waliopitia mkasa ule nchi nzima, zaidi ya 350, vidonda vikiwa bado vibichi. Leo ziko London katika maktaba yenye jina lake. Hizo zilitolewa kabla mtu yeyote hajajua vita vitaishaje na kabla ya kambi ya mauaji ya Auschwitz kuwa jina linalojulikana dunia nzima. Msimuliaji hakuwa na picha ya jumla ya kuifuata. Alisema alichokiona kwenye lango lile, usiku ule.

Emil Büge alikuwa mfungwa aliyewekwa kuwa karani katika idara ya kisiasa, yaani idara ya polisi wa siri ndani ya kambi. Kwa miaka kadhaa alinakili kwa siri mambo ya wafungwa waliopita mezani kwake, kwa mwandiko mdogo sana kwenye karatasi nyembamba, na alipoachiwa mwaka 1943 akatoka nayo. Tazama ajabu yake: baadhi ya makaratasi ya SS yaliyochomwa tunayasoma leo kwa mkono wa mfungwa aliyelazimishwa kuyaandika.

Odd Nansen, Mnorwei, mwana wa mvumbuzi wa ncha ya kaskazini Fridtjof Nansen, aliletwa Sachsenhausen mwaka 1943. Aliandika shajara karibu kila siku na kuzificha kurasa ndani ya mbao za kukatia mkate zilizotobolewa katikati. Ni chanzo kikubwa, na ninakushauri ukisome. Ila usisahau kwamba Wanorwei walikuwa wakipata vifurushi vya chakula vya Msalaba Mwekundu. Mnorwei mwenye kifurushi aliweza kuishi hadi jioni na bado akawa na nguvu ya kushika kalamu. Mfungwa wa Kisovieti au Myahudi katika kambi ile ile hakuwa na jioni ya namna hiyo. Nansen mwenyewe anaiona tofauti hiyo na inamtesa, ndiyo maana namwamini. Lakini kambi aliyoiona ni kambi ya mahali aliposimama.

Na vitu vingine vimeibuka bila kutafutwa. Mwaka 2003 mafundi waliokuwa wakifanya kazi eneo la kambi walikuta chupa yenye ujumbe wa wafungwa wawili wa Aprili 1944, mmoja akiwa na hamu ya kuwaona ndugu zake Cologne. Kama ushahidi wa mpangilio wa kambi hauna kitu. Mimi nisingeubadilisha na faili zima.

Mahakama ni chanzo chenye mtego. Oktoba 1947 Wasovieti waliwashtaki watu 16 katika ukumbi wa mji wa Pankow, Berlin, akiwemo kamanda wa mwisho, Anton Kaindl. Alikiri mengi, ikiwemo kujengwa kwa chumba cha gesi mwaka 1943. Wapo wanaosema kwamba maungamo mbele ya mahakama ya Stalin hayafai kitu, na wapo wanaoyanukuu kama aya za msahafu. Wote wawili wamekosea njia. Ni kweli kesi iliandaliwa ionekane, kukiwa na kamera na waandishi wa habari, na tunajua wapelelezi wa Stalin walivyowahoji watu. Kwa hiyo ungamo peke yake huliachi lisimame. Unalipeleka kwa mashahidi wasiohusiana nalo. Unawasikiliza wafungwa waliofanya kazi jirani na jengo hilo. Unasoma kesi za Ujerumani Magharibi, kama ile ya Bonn ya 1958 na 1959 dhidi ya Gustav Sorge na Wilhelm Schubert, ambako hakukuwa na mpelelezi wa Kisovieti na washtakiwa walikuwa na mawakili. Kisha unakwenda kwenye ardhi. Jengo la mauaji, walilolipa jina la Stesheni Z, lilibomolewa na polisi wa Ujerumani Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, ushahidi wa kwanza kabisa ukafanywa kifusi kwa mikono ya serikali iliyojiita adui wa ufashisti. Lakini misingi ilibaki, imefukuliwa, na leo imeezekwa paa. Unapima kuta na mapito, unalinganisha na maneno ya Kaindl. Ungamo likikubaliana na msingi wa jengo na pia na shahidi ambaye hakuwahi kukutana na Kaindl, hapo unaandika bila kigugumizi.

Ardhi yenyewe ina tatizo lake pale. Agosti 1945 Wasovieti waliigeuza Sachsenhausen kuwa kambi yao, wakawafungia humo watu wapatao 60,000 hadi 1950, na wapatao 12,000 wakafa, wengi kwa njaa na maradhi. Makaburi yao ya pamoja yalitambuliwa baada tu ya ukuta wa Berlin kuanguka. Kwa hiyo mifupa au kijiko kinachotoka ardhini Oranienburg lazima kiulizwe kwanza ni cha kambi ipi. Wapo wanaopenda kuzichanganya kambi hizi mbili ili moja ifunike nyingine. Wewe usiwape nafasi.

Kuhusu idadi. Zaidi ya watu 200,000 walifungwa Sachsenhausen kati ya 1936 na 1945. Namba ya 100,000 waliouawa inatokana na uchunguzi wa Kisovieti wa mara baada ya vita, na Ujerumani Mashariki ikaichukua. Ilikuwa makadirio yaliyofanywa haraka na watu waliokuwa na haki ya kughadhibika, na haikusimama watafiti walipoanza kuhesabu jina kwa jina. Leo wanazungumzia makumi ya maelfu. Kitabu cha majina ya waliokufa kilichoandaliwa na makumbusho ya Sachsenhausen kina zaidi ya watu 20,000 wenye majina, kwa kutumia vitabu vya usajili wa vifo, nyaraka za Moscow na nyinginezo. Usiichukue 20,000 kama jumla. Wale wafungwa wa vita wa 1941 wengi hawamo kwa majina, walioangukia njiani katika matembezi ya kifo wengi hawamo, na waliopelekwa kwenda kufia kambi nyingine wanahesabiwa huko. Andika "makumi ya maelfu", eleza kwa nini, na itaje 100,000 kama namba ya wakati fulani yenye chanzo chake. Msimamizi akikuambia hiyo ni kukwepa, mwonyeshe orodha ya wasio na majina.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulipita. Waliosimulia baada ya vita hawakuwa mfano sawia wa waliofungwa. Katika Ujerumani Mashariki, iliyofungua makumbusho pale Aprili 1961, sauti iliyosikika ilikuwa ya wafungwa wa kisiasa, hasa wakomunisti. Hao walikuwa wamejipanga kambini, na baadaye walikuwa na chama, magazeti na jukwaa. Mashoga waliendelea kuogopa sheria. Wasinti na Waroma, jamii za Ulaya zilizozoeleka kuitwa Wajipsi, hawakuulizwa. Waliofungwa kama "wasiofaa katika jamii" walinyamaza kwa aibu, na wengi hawakuwaambia hata watoto wao. Mtu mweusi katika kambi alikuwa mmoja mmoja. Kwa hiyo usipomkuta Husen katika kumbukumbu za wafungwa wenzake, usiandike kwamba hakuna aliyemjali. Andika kwamba waliosikilizwa walikuwa wengine.

Ndiyo maana kwa mtu wako nyaraka za kambi ni sehemu ndogo tu. Husen anajulikana zaidi kwa sababu alikuwa mtu wa kudai. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani, naye mwenyewe aliingia jeshini akiwa mtoto katika Vita vya Kwanza. Alipofika Berlin 1929 alikwenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mishahara ya baba yake na yake. Wakamkatalia, lakini kumkatalia mtu kwa maandishi ni kumfungulia jalada. Baadaye aliomba nishani ya wapiganaji wa vita. Akakataliwa tena, karatasi ikaongezeka. Alifundisha Kiswahili Berlin, kwa hiyo zipo kumbukumbu za ajira. Aliigiza katika filamu nyingi, ya mwisho ikiwa ile ya propaganda ya 1941 kuhusu Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki. Mwaka huo huo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo Wanazi waliliita kuchafua damu, akapelekwa Sachsenhausen bila hukumu ya mahakama. Mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst ndiye aliyeyaunganisha mengi ya haya katika wasifu uliotoka 2007, mwaka ambao jiwe la kumbukumbu lenye bamba la shaba lilipachikwa mbele ya nyumba katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin.

Majalada hayo ya wizara yana ubaya wake. Karani anamwona Husen kama msumbufu, na katika barua zake Husen anazungumza kwa lugha anayodhani itafungua mlango: utiifu, jeshi, bendera. Usizisome kama shajara. Mtu anayedai mshahara hasemi yote aliyonayo moyoni. Filamu nazo zinakuonyesha sura yake na mwendo wake, lakini maneno yaliyomo kinywani yameandikwa na wengine.

Kwa tasnifu yako, tarehe ya kifo, 24 Novemba 1944, iandike kama tarehe iliyosajiliwa. Iandikie hifadhi ya makumbusho ya Sachsenhausen barua pepe fupi, kwa Kiingereza inatosha, utaje tahajia zote za jina na tarehe ya kuzaliwa, na uwaulize ni chanzo kipi hasa kinachobeba kila taarifa waliyonayo juu yake: kitabu cha usajili, nyaraka ya Moscow, au maandishi ya baada ya vita. Ukingoja majibu, nenda Nyaraka za Taifa hapo Dar es Salaam. Zina majalada ya enzi ya Mjerumani, mengi kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, kwa hiyo nenda na mtu anayeweza kuusoma. Tafuta askari wa Kisudani na familia zao kabla ya kumtafuta Husen mwenyewe, maana wakati makaratasi hayo yanaandikwa yeye alikuwa bado mtoto.